Rimu nyepesi za pikapu: tuchague kwa namba, si kwa mwonekano

#1 NatiSita

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wenye kuijua kazi.

Gari ni Hilux dabo kebini ya dizeli, 4x4. Rimu za asili ni aloi 17x7.5 (kipenyo na upana kwa inchi), ofuseti +30, tairi 265/65R17. Siku za wiki inabeba mzigo, na barabara nyingi ni za vumbi zenye vijituta vya mfululizo, vile vinavyotetemesha gari mpaka dashibodi inalia. Lengo ni kupunguza uzito kwenye magurudumu ili springi na shokapu zipumue, na mafuta yakipungua nitashukuru.

Zilizopo mezani, zote 6x139.7 (matundu sita kwenye duara la milimita 139.7; ET ni ofuseti kwa milimita):

A: 17x8, ET20, ya kusubu (ya kumiminwa kwenye kalibu), kilo 12.4, mgongoni JWL-T, MAX LOAD 1100KG
B: 17x8.5, ET0, floformu (ya kusubu, kisha kuvutwa kwa rola), kilo 10.6, JWL-T, MAX LOAD 950KG
C: 17x7.5, ET35, ya kufua (ya kushindiliwa na mashine), kilo 8.1, JWL, MAX LOAD 690KG

Tairi nafikiria kuhamia LT265/70R17 (LT ni tairi ya malori mepesi). Roho inanivuta kwenye C kwa sababu ya zile kilo nane. Nielewesheni.

#2 FundiBareli

C itoe mezani kabla hatujaenda mbali. Ni rimu nzuri sana, ila si ya gari hili.

Fungua mlango wa dereva, angalia kibao au stika ya uzito. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli ya nyuma. Usichukue uzito wa gari tupu wala uzito wa gari zima. Gawanya kwa mbili. Kama kibao kinasema 1,700, kila rimu ya nyuma inatakiwa ibebe 850 kwa uchache, na hapo bado hujaweka akiba. Pikapu ikiwa imejaa halafu barabara imelalia upande mmoja, mzigo haugawanyiki nusu kwa nusu, gurudumu la chini linabeba zaidi. Mimi huongeza asilimia 15 juu ya ile hesabu, yaani kwa mfano huu natafuta 980 kwenda juu. C ya 690 haifiki hata kabla ya akiba.

Halafu tazama herufi. JWL ni kiwango cha Japani kwa magari ya abiria, JWL-T ni cha malori na mabasi. Kiherufi kimoja tu, lakini T ndiyo inayokuhusu wewe. JWL na JWL-T mtengenezaji anajigongea mwenyewe kwamba amefikia kiwango. Alama ya VIA ikiwepo pembeni, maana yake rimu imepitia pia kwa mpimaji wa nje. Vipimo vyenyewe ni vitatu: kuzungushwa huku inapindwa (uchovu wa kona), kuviringishwa chini ya mzigo mzito kwa muda mrefu (uchovu wa uzito), na kuangushiwa nyundo ikiwa imelazwa nyuzi 13, kama vile umepanda ukingo wa barabara.

Rimu isiyo na MAX LOAD popote mgongoni ni pambo la sebuleni, hata muuzaji aapeje.

#3 Kalipa_17

Nakuja na ofuseti, maana B nayo ina lake.

Ofuseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu (kitovu cha gurudumu). Chanya inaingiza gurudumu ndani, hasi inalitoa nje. Upana nao unagawanyika nusu ndani, nusu nje. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kila inchi unayoongeza inakupa 12.7 kila upande. Ukilinganisha na 17x7.5 ET30 yako:

A inatoka nje milimita 16.35, na ndani inajitenga na sasipensheni kwa 3.65. Hiyo inaishi vizuri.

B inatoka nje milimita 42.7 na ndani inajitenga kwa 17.3. Sentimita nne na zaidi kila upande ni nyingi. Kwanza, ukikata usukani gurudumu linachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo pembe ya nyuma ya madigadi ya mbele na bampa vinaanza kulamba tairi. Pili, sehemu ambayo tairi inagusa ardhi inahama mbali na mhimili wa kukatia kona, na kila jiwe unalokanyaga linakuja mikononi kama usukani umepigwa kofi. Tatu, nguvu kwenye beringi za habu inaongezeka kwa sababu mzigo umehamia nje. Tope na kokoto nazo zinaruka kwenye milango, na sehemu nyingine sheria hairuhusu tairi kuchungulia nje ya fenda.

C nayo ingeingia ndani milimita 5. Inaonekana kidogo, ila kwenye gari hizi mkono wa juu wa sasipensheni ya mbele uko jirani sana na shavu la ndani la tairi. Na unataka tairi ndefu zaidi! Ungesikia inasugua siku ya kwanza.

#4 NatiSita

Nimeelewa, C imekufa. Lakini Kalipa, B si ndiyo floformu ya kilo 10.6? Kilo karibu mbili chini ya A. Au nitumie B kisha niongeze vipande vya fenda?

#5 Kalipa_17

Vipande vya fenda vinaficha tairi, havirudishi mzigo kwenye beringi. Na B ina 950, haifikii ile 980 ya FundiBareli. Usinunue rimu halafu uanze kununua vitu vya kuitibu.

#6 MzeeSpringi

Kijana, kabla ya A au B, rimu ya asili ina kilo ngapi? Hujaipima. Ishushe, toa tairi, panda nayo kwenye mizani ya kupimia watu, kisha upande peke yako, toa tofauti. Mizani ya kuning'iniza ni bora zaidi. Pima bila nati, bila kifuniko cha kati, bila sensa ya upepo.

Nasema hivi kwa sababu rimu nyingi zinazouzwa kwa jina la nyepesi ni nzito kuliko za kiwandani. Kiwanda kimehesabu kila gramu, kwa sababu kila kilo ni gharama kwao. Mtengenezaji wa nje anauza umbo: anaongeza upana, anaongeza mdomo wa mapambo, anaweka boliti bandia pembeni zifanane na bidiloku (rimu inayobana ukingo wa tairi kwa boliti). Uzito unapanda kimyakimya.

#7 NatiSita

Mzee, nimepima. Ya asili kilo 11.9.

#8 MzeeSpringi

Basi A ni nzito kuliko uliyonayo kwa nusu kilo. Ungelipa ili uongeze uzito.

Sasa hesabu ambayo watu hawapendi kuisikia. Kilo inayozunguka inagharimu zaidi ya kilo iliyokaa bodini, kwa sababu injini inaisukuma mbele na kuizungusha kwa wakati mmoja. Kiasi gani zaidi? Inategemea kilo hiyo iko mbali gani na katikati ukilinganisha na nusu kipenyo cha tairi. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776.3, nusu yake 388. Uzito wa rimu ya inchi 17 kwa wastani umejikusanya milimita 170 hivi kutoka katikati. 170 gawanya kwa 388, zidisha kwa yenyewe, unapata kama 0.19. Kwa hiyo kilo moja ya rimu inahesabika kama kilo 1.2 ya bodi wakati wa kuongeza mwendo. Tairi, ambayo uzito wake mwingi uko pembeni kabisa kwenye kashata, inakaribia 1.7.

Tuseme umepata rimu ya kilo 9.8 badala ya 11.9. Umeokoa 2.1 mara nne, kilo 8.4. Zidisha kwa 1.2, kama kilo 10. Kwenye gari la kilo 2,100 hiyo ni nusu ya asilimia moja. Mafuta? Ukienda mwendo mmoja kwenye lami tambarare, uzito unaozunguka hauli kitu. Kinachokula ni upepo na ukinzani wa tairi.

Faida yako halisi iko kwenye vile vijituta. Kitu kilicho chini ya springi kikiwa chepesi, shokapu inakirudisha chini haraka, tairi inabaki ardhini. Na utaisikia zaidi mbele kuliko nyuma. Mbele kila gurudumu linacheza peke yake. Nyuma una ekseli nzima yenye difu, ambayo pamoja na breki zake inaweza kuzidi kilo mia. Kilo nne ulizoondoa pale zinapotea ndani yake.

#9 Gia_ya_Pili

Mzee wangu, kwa heshima, mbona inajulikana kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo kumi za bodi? Kila mahali wanasema hivyo.

#10 MzeeSpringi

Wanasema, ndiyo. Waambie waonyeshe hesabu. Hata ukiweka uzito wote kwenye ukingo wa nje kabisa wa tairi, palipo mbali kuliko pote, kilo moja inahesabika kama mbili. Haiwezi kuzidi hapo. Mengine ni maneno ya kuuzia rimu.

#11 Kalipa_17

Naongeza hapo hapo kuhusu LT265/70R17, maana ndipo mkuu atakapojimaliza.

Tairi ya kawaida ya 265/65R17 nyingi ziko kati ya kilo 15 na 18. LT ya 265/70R17 yenye namba ya mzigo 121 nyingi ziko 21 hadi 25. Chukua ongezeko la kilo 6.5 kwa tairi, mara nne ni 26, zidisha kwa 1.7 ya Mzee: kilo 44. Rimu imekupa 10, tairi imechukua 44.

Na bado kuna kipenyo. 265/70R17 ni milimita 802.8, ya sasa 776.3. Tofauti 26.5, yaani asilimia 3.4. Gia zako zote zimekuwa ndefu kwa kiasi hicho, nguvu inayofika ardhini imepungua kwa kama asilimia 3.3, na spidomita inasoma chini ya mwendo halisi. Rimu ya kufua ya bei ya kutisha haifuti hilo. Faida ni milimita 13 tu za kimo chini ya difu.

Kama barabara ni za vumbi na si mawe makali yanayochana mashavu, baki na 265/65R17 isiyo LT yenye namba 112. Namba 112 ni kilo 1,120 kwa tairi. Hata ukifuata kanuni ya Marekani ya kugawanya kwa 1.10 tairi ya gari la abiria inapofungwa kwenye pikapu, inabaki 1,018. Kwa mfano wa 850, unatosha na chenji inabaki.

#12 Gia_ya_Pili

Na kushuka inchi je? Wengine wanatoka 18 kwenda 17 au 16.

#13 Kalipa_17

Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kimo cha gari hakibadiliki. Angalia: 265/60R18 ni milimita 775.2, 265/65R17 ni 776.3, 265/70R16 ni 777.4. Spidomita haitagundua. Rimu ndogo ya aina ileile huwa nyepesi, shavu la tairi linaongezeka, na kwenye mawe rimu inapata mto mkubwa zaidi. Kinachokuzuia ni breki. Kalipa ya mbele inaweza kugonga ndani ya bareli (silinda ya rimu) ya 16. Usiamini maneno ya muuzaji kwamba "inaingia". Vaa rimu tupu bila tairi, kaza nati mbili kwa mkono, zungusha. Unataka angalau milimita 3 kati ya kalipa na kitu chochote, na ukumbuke risasi za balansi za kubandika zinakaa upande wa ndani huohuo. Zinakula milimita kadhaa.

#14 FundiBareli

Turudi kwenye utengenezaji, kwa sababu watu hupima kilo bila kuuliza kilo zimepunguzwaje.

Ya kusubu: aloi iliyoyeyushwa inamiminwa kwenye kalibu. Chembe za chuma zinakaa ovyo na vitundu vidogo vya hewa hubaki ndani, kwa hiyo mtengenezaji anaongeza unene ili awe salama. Ndiyo maana ni nzito. Ikipigwa sana, huwa inapasuka.

Floformu: inaanza kwa kusubiwa, kisha bareli inapashwa moto na kuvutwa kwa rola huku inazunguka. Bareli inakuwa nyembamba na ngumu zaidi. Spoki zinabaki zile za kusubu. Kwa pikapu ya kazi, kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kusimama. 17x8 ya namna hii yenye uwezo wa tani moja hupatikana kwenye kilo 9.5 hadi 11.

Ya kufua: gogo la aloi, mara nyingi 6061, linashindiliwa na mashine ya tani maelfu, kisha linachongwa na kupewa ugumu wa T6. Ni nyepesi na ngumu, na ikizidiwa inapinda kabla ya kupasuka. Tatizo ni kwamba ugumu wa T6 umetokana na joto na unaondoka kwa joto. Fundi akiinyoosha kwa tochi ya gesi, pale moto ulipopita pamelegea, hata kama macho yanaona imenyooka. Hilo ni kwa rimu zote za aloi, si ya kufua peke yake.

Kuchomelea ufa: kwenye spoki, hapana. Kwenye kalio la tairi (pale ukingo wa tairi unapokalia rimu), hapana. Ufa mdogo wa ukingo wa ndani watu huuchomelea. Mimi rimu hiyo siirudishi kwenye gari la mzigo.

Magnesiamu msiiulize. Ni nyepesi kweli, lakini rangi ikikwaruzwa na tope lenye chumvi likikaa, inalika.

#15 Mwanjia4x4

Kwa wasio na Hilux, mambo ni yaleyale?

#16 Kalipa_17

Hesabu ni ileile, namba ndizo zinahama. Kwa haraka:

Hilux 4x4: 6x139.7, tundu la kati 106.1, nati M12x1.5
Ranger ya 2011 hadi 2022: 6x139.7, 93.1, M12x1.5, ofuseti ya asili +55
D-Max: 6x139.7, tundu la kati takriban 100, M12x1.5
L200/Triton: 6x139.7, 67.1, M12x1.5
Navara D40: 6x114.3, 66.1, M12x1.25
Amarok ya kwanza: 5x120, 65.1, boliti M14x1.5 badala ya nati
F-150 kuanzia 2015: 6x135, 87.1, M14x1.5

Tazameni Ranger. ET55! Rimu ya Hilux ya ET30 inaingia matundu yote, lakini kwa upana uleule inasimama milimita 25 nje zaidi. Wengi hawalijui hili wanapoazimana.

Navara na Hilux usizilazimishe, uzi wa stadi (boliti za habu) ni tofauti na duara la matundu ni tofauti. 135 na 139.7 pia watu huzilazimisha kwa sababu zinakaribiana. Nati inakaa upande, stadi inapinda, inakatika baadaye ikiwa barabarani. Hilux za 4x2 za chini nyingine zina matundu matano, kwa hiyo pimeni kwanza: rimu ya matundu sita, katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu linalolitazama. Ya matano, pima matundu mawili jirani kisha zidisha kwa 1.701.

#17 DadaToki

Habari zenu. Mmeongea kilo na milimita vizuri, lakini rimu nyingi zinaharibikia kwenye nati. Nianze hapo.

Nati ya aloi ya asili ya Toyota ina shingo ndefu na washa bapa, inakalia uso bapa. Rimu nyingi za nje zinataka nati ya pia (yenye umbo la koni), nyuzi 60. Ukiweka ya washa bapa kwenye tundu la pia, inagusa kwenye kiduara chembamba tu. Inakaza, inahisi imeshika, baada ya kilomita chache imejilegeza. Kinyume chake ni vilevile. Nunua nati pamoja na rimu, na uchukue moja uikalishe kwenye tundu bila kufunga: ikikaa bila kucheza na ukiona imegusa kuzunguka kote, ni yenyewe. Paka rangi ya alama au hata chaki kwenye pia, izungushe kidogo, utaona inagusa wapi.

Uzi: hesabu mizunguko. Nati ishike angalau sawa na unene wa stadi. M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili. M14x1.5 ni zaidi ya 9. Ukipata 5 au 6, hiyo nati ni fupi au kuna kitu kati ya rimu na habu. Na hicho kitu mara nyingi ni spesa ya kuteleza (kipande cha kulisogeza gurudumu nje), ambayo mtu ameiweka kurekebisha ofuseti. Spesa inaongeza uzito uliolipia kuupunguza na inakula uzi. Nunua ofuseti sahihi.

Tundu la kati likiwa kubwa kuliko habu, weka pete za kati. Mfano rimu ya 106.1 kwenye Ranger ya 93.1. Chukua za alumini. Za plastiki zinalainika kwa joto la breki ukiteremka mlima na mzigo, siku ya kutoa rimu zinatoka vipande vipande. Tundu likiwa dogo kuliko habu, tafuta rimu nyingine. Usipeleke kwa fundi mchongaji.

Kabla ya kuvaa: brashi ya waya kwenye uso wa habu mpaka chuma kionekane. Kutu iliyovimba upande mmoja inaikalisha rimu mpya kwa mshazari, na mtu anaanza kulaumu balansi. Grisi ya kuzuia kushikana paka kidogo sana kwenye mdomo wa habu tu. Stadi na pia ya nati zibaki kavu. Ukipaka mafuta kwenye uzi, toki (nguvu ya kukazia) ileile inavuta stadi kwa nguvu kubwa zaidi kuliko iliyokusudiwa.

Kaza kwa mkono zote sita, kisha nusu ya toki kwa kukingama, nati na inayoitazama, shusha gari, malizia. Kwa M12x1.5 vitabu vingi vya magari haya viko kati ya 105 na 135 Nm. Fuata kitabu cha gari lako, si cha jirani. Mashine ya upepo iishie kufungua. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa imepoa.

#18 Gia_ya_Pili

Dada, kwa nini irudiwe? Si imeshakazwa kwa toki?

#19 DadaToki

Rangi. Rimu mpya ina rangi kwenye uso unaogusa habu, na mara nyingine mpaka ndani ya tundu la nati. Ikibanwa na kupata joto, inapondeka, unene unapungua kidogo, na mbano unapungua pamoja nao. Zilizopakwa upya rangi ya unga ndizo mbaya zaidi, tabaka lake ni nene. Matundu ya nati na uso wa nyuma vizibwe kabla ya kupaka. Na ile tanuri ya rangi ya unga iulizeni joto lake na muda. Kuirudisha rimu tanurini mara kwa mara, au kuichoma ili rangi ya zamani itoke, kunaulegeza ule ugumu aliousema FundiBareli.

#20 NatiSita

Ahsanteni sana. Nimepata D: 17x8, ET25, floformu, kilo 9.8, JWL-T na VIA, MAX LOAD 1050KG, tundu la kati 106.1, nati za pia. Imetumika kidogo. Tairi nabaki 265/65R17 namba 112. Nikaikague vipi?

#21 FundiBareli

Namba zimekaa. Kwa ofuseti inatoka nje 11.35 na inaingia ndani 1.35 tu. Bado, kata usukani mpaka mwisho pande zote uangalie nafasi na mkono wa juu kabla ya kulipa.

Ukaguzi: zitoe tairi. Ikiwa anakataa kuzitoa, ondoka. Osha mgongo wa rimu kwa sabuni na brashi, kausha, kisha pitisha tochi kwa ubavu pale spoki inapoungana na bareli na kuzunguka matundu ya nati. Ufa unaonekana kama unywele mweusi, na vumbi la breki hupenda kujipanga ndani yake. Sehemu yenye rangi mpya peke yake upande wa ndani, wakati kwingine kumechakaa, iulize maswali. Ndani ya tundu la nati, mduara uwe safi na sawa. Ukiona umetanuka kama yai, iliwahi kuendeshwa ikiwa imelegea.

Kisha ifunge kwenye habu iliyoinuliwa, weka waya wenye ncha juu ya stendi, ukaribie kalio la tairi, zungusha. Angalia juu-chini na kulia-kushoto. Ikizidi milimita moja, iache.

Na angalia mapango yaliyochongwa nyuma ya spoki kupunguza uzito. Ni mazuri, ila yanashika tope. Tope likikauka ndani ya moja tu, usukani unatetemeka mwendo wa 80 hadi 100 na watu wanakimbilia balansi. Osha mgongo wa rimu kwanza.

#22 DadaToki

Mkuu, mawili ya mwisho.

Vali. Za mpira za kawaida, TR413, mwisho wake ni psi 65 tairi ikiwa baridi. Kwa 112 zako zinatosha. Atakayefunga LT ya kujazwa 80 aweke za shinikizo kubwa au za chuma.

Spea. Ukiacha rimu ya asili kama spea, ile inahitaji nati zake za washa bapa, na hizi mpya hazitaifaa. Weka sita za asili kwenye mfuko, ziandike "SPEA", uziache pamoja na wili spana. Ukinunua rimu tano za D, jaribu kuining'iniza chini ya bodi kabla hujaondoka pale: ile sahani ya mnyororo lazima ipite kwenye tundu la kati na kushika upande wa pili, na spoki zenye umbo la kuzama huwa haziipi pa kukalia. Isiposhika, beba ya asili.

#23 NatiSita

Nimechukua nne, spea inabaki ya asili. Nati nimezitenga.